Yakuti Samawi na Bei ya Jina

Ingia katika duka la sonara mzee yeyote wa mwambao, iwe Mombasa au Unguja, umwambie unataka pete ya yakuti. Kabla hajavuta droo atakuuliza: nyekundu au samawi? Ni swali la kila siku, halimshangazi mtu, ila ndani yake mna elimu ya mawe ambayo wataalamu wa Ulaya waliifikia wakiwa wamechelewa sana. Kwa sonara huyo, jiwe jekundu kama punje ya komamanga na jiwe la bluu kama bahari ya nje ya miamba ni jiwe moja lililobadili nguo. Na kweli ni moja. Yote mawili ni aluminiamu iliyoungana na oksijeni ikaganda kuwa fuwele ngumu, isiyoshindwa kwa ugumu na jiwe lolote la asili la sonara isipokuwa almasi. Ikiingia chembe ya kromiamu, jiwe linakuwa jekundu. Zikiingia chuma na titaniamu kwa pamoja, linakuwa bluu. Lisipoingiwa na kitu linabaki jeupe, safi, na hakuna anayeligombania.

Neno lenyewe limesafiri sana. Wagiriki walikuwa na hyakinthos, Washami wakalichukua, Waarabu wakalifanya yaqut, nalo likatufikia kwa majahazi pamoja na almasi, lulu, marijani, zumaridi, feruzi na akiki. Limo hata katika Sura ya Ar-Rahman, likiwa sambamba na marijani. Siku hizi, ukienda shimoni Tunduru, kusini mwa Tanzania, hutalisikia. Wachimbaji wanasema safaya, na ile nyekundu wanaiita rubi, kwa sababu wanunuzi waliowafundisha bei walikuja na Kiingereza. Yakuti imebaki kwa masonara wazee na kwenye kamusi.

Nimeanza na maneno kwa makusudi. Almasi huuzwa kwa uzito, usafi na ukataji; mnunuzi wa kawaida haulizi imetoka nchi gani. Yakuti samawi haiko hivyo. Weka mezani mawe mawili yenye rangi ile ile, uzito ule ule na ukataji ule ule, moja lenye cheti cha Kashmir na jingine cha Tanzania, nawe utaona bei zikiachana kama mtu na kivuli chake jioni. Tangu zamani biashara ya vito vya rangi imekuwa biashara ya majina, na aliyetoa jina mara chache alikuwa mwenye shimo.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973 na kumalizia maisha yake Ghazni, katika Afghanistan ya leo. Kitabu chake cha vito alikiandika uzeeni, na hakuridhika na sifa za washairi wala viapo vya madalali. Alitengeneza chombo chenye mrija, akakijaza maji, akatumbukiza jiwe, akapima maji yaliyomwagika. Kwa njia hiyo alijua jiwe lipi ni zito kuliko lipi kwa ukubwa ule ule. Yakuti samawi aliipa 100, na vito vingine akavipima kwa kuvilinganisha nayo. Alijua kwamba yakuti nyekundu, ya manjano na ya bluu ni ukoo mmoja. Alijua pia kwamba lile jiwe jekundu la Badakhshan, ambalo Waajemi waliliita la'l, si yakuti hata kidogo, kwa kuwa ni laini zaidi. Leo tunaliita spineli.

Wafalme wa Ulaya hawakuwa na al-Biruni. Mwaka 1367 Pedro wa Castilla alimpa Edward aliyekuja kuitwa Black Prince, mwana wa mfalme wa Uingereza, jiwe kubwa jekundu, na mapokeo yanasema Henry wa Tano alilivaa vitani Agincourt mwaka 1415. Mpaka leo limekaa mbele kabisa ya taji la kifalme la Uingereza, nalo linaitwa rubi ya Black Prince. Ni spineli. Mfaransa Romé de l'Isle ndiye aliyezitenganisha rubi na spineli kitaalamu mwaka 1783, na ilikaribia karne ya 19 ndipo wanasayansi wa huko walipokubaliana kwamba rubi na safaya ni jiwe moja. Taji halikubadilishwa, wala jina. Jina likishakaa juu ya kichwa cha mfalme, maabara haina la kufanya.

Kuhusu bluu, mkanganyiko ulikuwa mkubwa zaidi. Kile ambacho Theophrastus na Plinio walikiita sapphirus kilikuwa na vidoa vya dhahabu ndani yake. Yakuti haina vidoa hivyo. Walikuwa wakisema juu ya lile jiwe la bluu lisilopitisha mwanga, linalochimbwa tangu maelfu ya miaka kwenye milima ya Badakhshan, lililosagwa baadaye likawa rangi ghali kuliko zote za wachoraji wa Italia. Jina lilihama jiwe, likatua juu ya jingine. Kwa hiyo anayesoma kitabu cha kale akakutana na safaya asiharakishe kuiona pete. Pengine anachokiona ni kigae cha bluu chenye mng'ao wa chuma.

Narudi kwa al-Biruni, kwani ameandika jambo linalotuhusu sisi. Anasema mawe ya bilauri, yaani fuwele nyeupe ing'aayo kama maji yaliyoganda, yalipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanj na visiwa vya Maldivi, na huko Basra yakachongwa kuwa vyombo. Zama hizohizo mafundi wa Misri ya Wafatimi walikuwa wakichonga magudulia ya fuwele ya namna hiyo kutoka pande moja la jiwe, wakiyatoboa ndani mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba. Moja lina jina la Khalifa al-Aziz, aliyetawala kuanzia 975 hadi 996, nalo limehifadhiwa katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Mwambao wetu ulitoa jiwe ghafi. Neno ndilo lililorudi, na lilirudi limeshushwa cheo: bilauri ni gilasi ya kunywea maji.

Bahari ileile ilipitisha vito upande wa pili. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akausifu mji wa Kilwa kwa majengo na kwa ukarimu wa sultani wake. Miaka 13 baadaye alikuwa Sarandib, Sri Lanka ya leo, na kule macho yalimtoka. Anaeleza bakuli la yakuti lenye ukubwa wa kiganja cha mkono, na mawe saba aliyoyaona kwenye paji la uso la tembo mweupe, kila moja kubwa kuliko yai la kuku. Ukubwa huo tumwachie msafiri; watu wa safari ndefu wana haki yao. Lakini ametaja pia kanuni ambayo haina sababu ya kutiwa chumvi: kila jiwe lililofikia thamani fulani lilikuwa mali ya mfalme, na yaliyo chini ya hapo ndiyo aliyobaki nayo mchimbaji. Wanawake wa kisiwa hicho, anasema, walivaa mawe ya rangi shingoni na mikononi.

Kisiwa hicho bado kinachimbwa, na uchimbaji wake haujabadilika kiasi cha kumpotezea njia Ibn Battuta. Ratnapura, maana yake mji wa vito, uko kwenye mabonde ya mpunga. Wanachimba shimo la mraba, wanaegemeza kuta kwa magogo na majani ili zisiporomoke, wanavuta maji mchana kutwa. Chini wanatafuta tabaka la changarawe iliyoletwa na mito ya kale. Changarawe hupandishwa, hutiwa katika vikapu vipana vya kufumwa, na wanaume wawili watatu husimama majini hadi kiunoni wakivizungusha, matope yakitoka na mawe mazito yakibaki katikati. Kisha mmoja anainamisha kikapu kwenye jua na kukisoma. Nasema kukisoma kwa sababu ndicho wanachofanya: jicho linapita juu ya mamia ya mawe ya kahawia bila kusimama, halafu linasimama.

Mpaka katikati ya karne ya 19 jina lililokuwa na uzito ni Ceylon, yaani kisiwa hichohicho, na kando yake Burma, iliyosifika zaidi kwa rubi za Mogok. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mlima ukaporomoka katika bonde la Paddar, Kashmir, karibu na kijiji cha Soomjam, kwenye kimo cha mita 4,500 hivi, ukaacha wazi mawe ya bluu. Simulizi zinasema walioyaona kwanza hawakujua ni nini, wakayabadilisha kwa chumvi. Maharaja alipopata habari alipeleka askari. Theluji ilikuwa ikiondoka kwa miezi michache tu ya kiangazi, na katika muda huo walichimba kama watu wanaokimbizwa. Kufikia 1887, mjiolojia T. D. La Touche alipofika, shimo kuu lilikuwa limekwisha kukombwa.

Miaka isiyozidi sita! Lakini bluu ya Kashmir ikawa kipimo ambacho bluu nyingine zote hupimwa nacho. Ndani yake mna vumbi jembamba mno, lisiloonekana hata kwa kioo cha kawaida, ambalo hutawanya mwanga na kulifanya jiwe lionekane kama mahameli. Kasoro, kwa maneno mengine. Jiwe safi kabisa lisingekuwa na mng'ao ule wa usingizi. Mwaka 2015 jiwe la Kashmir la karati 27.68 liliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola 200,000 kwa kila karati, na karati moja, tukumbuke, ni moja ya tano ya gramu. Naamini sehemu kubwa ya bei ile ililipia jambo ambalo halimo ndani ya jiwe: kwamba shimo limekufa.

Uingereza ndiyo iliyoifanya yakuti samawi kuwa jiwe la uchumba. Mwaka 1840, siku moja kabla ya harusi, Albert alimpa Victoria bruchi yenye yakuti kubwa iliyozungushiwa almasi 12, naye akaivaa siku ya ndoa. Mwaka 1981 Diana alipewa pete yenye yakuti ya Ceylon ya karati 12 na almasi 14 pembeni, na mwaka 2010 mwanawe akamvisha Catherine Middleton pete hiyohiyo. Watu huidhania pete ile kuwa ilibuniwa kwa ajili ya binti mmoja tu. Haikubuniwa hivyo. Ilikuwa kwenye katalogi ya Garrard, na mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuinunua. Pete ambayo masonara wa dunia nzima wameombwa kuiiga kwa oda maalumu haikuwa ya oda.

Katikati ya hadithi hizo za wafalme aliingia mkemia mmoja wa Paris, Auguste Verneuil, akavuruga kila kitu. Mwaka 1902 alitangaza namna ya kutengeneza rubi kwa moto: unga uliosafishwa wa oksidi ya aluminiamu unadondoshwa kidogo kidogo ndani ya ndimi za gesi zenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000, unayeyuka, unaganda juu ya kijiti, na jiwe linakua kama mshumaa unaowaka kinyumenyume. Ndani ya miaka kumi hivi bluu nayo ikapatikana. Si kioo, si bandia kwa maana ya uongo. Kikemia ni yakuti halisi. Ila inakua kwa saa chache badala ya mamilioni ya miaka, na bei yake ni ya peremende.

Shangazi yangu alikuwa na pete ya yakuti samawi aliyoirithi kwa mama yake, na kwa miaka mingi hakuivua hata akikanda unga. Vidole vikamnenepa, tukaipeleka kwa sonara ipanuliwe. Sonara akaitia kwenye kioo chake, akaizungusha, akanipa mimi nitazame. Ndani ya bluu kulikuwa na mistari myembamba iliyopinda, kama miduara ya santuri ya zamani, na viputo viwili vya hewa. Jiwe la ardhini, alisema, likiwa na mistari ya rangi basi hunyooka na kukutana kwa pembe. Ikipinda, limezaliwa kwenye tanuri. Hakulisema kwa dharau. Alisema mawe hayo yalijaa madukani tangu kabla ya vita vya kwanza, na kwamba dhahabu ya pete ni nzuri. Shangazi akamuuliza kama jiwe litapasuka wakati wa kupanua. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Moto huo haukuwa mgeni kwa wafanyabiashara. Ahmad al-Tifashi, mwandishi wa vito wa karne ya 13, ameeleza jinsi watu wa Sarandib walivyozioka yakuti nyekundu ili kuondoa weusi. Lakini mapinduzi yalikuja miaka ya 1970. Kule Sri Lanka kulikuwa na mawe meupe yenye ukungu kama maziwa, yaitwayo geuda, ambayo hakuna aliyeyataka. Wafanyabiashara wa Thailand wakayanunua kwa bei ya changarawe, wakayapeleka kwenye matanuri ya Chanthaburi na Bangkok, wakayaunguza kwa nyuzi 1,500 mpaka 1,800. Ule ukungu ni sindano ndogo za titaniamu. Joto likizidi, zinayeyuka ndani ya jiwe, titaniamu inakutana na chuma, na maziwa yanageuka bluu. Wenye kisiwa walikuja kujua kilichotendeka wakati mawe mengi yameshaondoka. Leo yakuti nyingi sana sokoni zimepita motoni, na jambo hilo si aibu mradi muuzaji amesema.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia, ingawa kwa kweli ilikuwemo tangu zamani mno. Sri Lanka, Madagaska, Tanzania, Kenya na Msumbiji ziliwahi kuwa ardhi moja. Kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi iliyopita, mabara yaligongana na kuipika miamba yake kwa joto na mgandamizo mkubwa. Baadaye sana ardhi ikapasuka, kila kipande kikaenda zake na bahari ikaingia katikati, lakini mawe yaliyopikwa chungu kimoja yakabaki na ladha moja. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1990, changarawe za mto Muhuwesi wilayani Tunduru zilipoanza kutoa mawe ya bluu, ya waridi, ya manjano na ya kijani, waliofika mapema walikuwa wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand. Waliyatambua. Ni kama mtu aliyekutana na mtoto wa nduguye sokoni akamjua kwa kutembea.

Kabla ya hapo, bonde la Umba, mkoani Tanga, lilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1960 kwa yakuti za rangi zisizo na jina: machungwa ya kutu, zambarau ya jioni, kijani cha chai, na nyingine zinazobadilika rangi ukizitoa juani na kuziweka karibu na taa. Soko halikujua liziite nini, kwa hiyo halikujua lizilipe nini. Jina lilikuwepo, padparadscha, linalotokana na ua la yungiyungi, kwa yakuti yenye rangi kati ya waridi na machungwa. Lakini wako wafanyabiashara mpaka leo wanaoshikilia kwamba jina hilo ni la mawe ya Sri Lanka peke yake, hata kama la Tanzania limefanana nalo kama pacha.

Tunduru ilichekechwa kwa mikono. Watu waliacha mashamba ya korosho, wakaacha kazi mijini, wakajenga vibanda kando ya mto. Majembe, chekeche, ndoo, na kila jioni foleni mbele ya meza ya mnunuzi mwenye tochi ndogo. Mchimbaji anafungua karatasi iliyokunjwa, mnunuzi anachukua jiwe kwa koleo, analitazama dhidi ya mwanga, analirudisha, anataja namba. Mchimbaji hajui rangi ile huko Bangkok inaitwaje. Hajui itaokwa au haitaokwa. Anachokijua ni deni lake kwa mwenye shimo na bei ya unga. Mnunuzi ana haki ya kusema hapana, na mchimbaji ana njaa. Mwaka 1998 habari zilipokuja kwamba Ilakaka, kusini mwa Madagaska, kuna mawe mengi zaidi, meza nyingi zilifungwa na wenye tochi wakavuka bahari.

Songea nayo ilipata zamu yake ya ajabu. Mawe yake mengi yalikuwa na rangi hafifu, na mwaka 2001 na 2002 soko, hasa la Japani, lilifurika ghafla yakuti za machungwa zenye kupendeza kupita kiasi. Maabara zilihangaika kabla ya kubaini siri: huko Chanthaburi mawe ya Songea na ya Madagaska yalikuwa yakiokwa pamoja na madini yenye beriliamu, nayo ilipenya ndani ya jiwe na kuligeuza rangi. Kwa muda fulani padparadscha ilikuwa rahisi kuliko ua lenyewe, halafu bei ikaanguka kwa wote, wenye hatia na wasio na hatia.

Na tanzanaiti? Hiyo si yakuti, lakini historia yake haitengani na bluu ya yakuti, maana ilipoonekana mara ya kwanza wengi walidhani ni yakuti. Mwaka 1967 Jumanne Mhero Ngoma aliyaona mawe ya bluu huko Merelani, na mwaka huohuo Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa aliyependa kutafuta madini, akasajili eneo lake. Uchunguzi ulionyesha ni zoisaiti iliyotiwa rangi na vanadiamu. Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, New York, hakulipenda jina hilo, kwani masikioni mwa Wamarekani zoisaiti inakaribia neno la kujiua, na nani atamvisha mchumba jiwe la namna hiyo? Mwaka 1968 kampuni ikaliingiza sokoni kwa jina la tanzanaiti. Ni jina letu, lililochaguliwa na muuza duka wa mbali, na lazima nikiri kwamba alichagua vizuri kuliko ambavyo kamati yoyote ya serikali ingechagua. Mtu huyohuyo mwaka 1974 aliipa jina tsavoraiti, garneti ya kijani ambayo mjiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha tena Kenya, upande wa Taita.

Jina lilikuja na bei, na bei ikaja na msiba. Merelani ni mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti kibiashara, eneo ambalo ungelizunguka kwa miguu kabla ya jua kutua. Mashimo yalishuka mamia ya mita, vijana waitwao wanaapolo wakiteremka kwa kamba na tochi kichwani. Aprili 1998 mvua za El Niño zilijaza mashimo, na makumi ya wachimbaji hawakupanda tena. Ngoma alipewa cheti na shilingi 50,000 mwaka 1984, na mwaka 2018, akiwa mzee mgonjwa, serikali ikampa shilingi milioni 100. Alifariki mwaka uliofuata. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wa 2018 Rais Magufuli alizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo na mfugaji, aliuza serikalini mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Watu walizungumza sana juu ya ng'ombe atakayemchinja. Mimi niliyaangalia mawe kwenye picha: magumu, ya zambarau nzito, yamefunikwa na kijivu, hayana uso wala pembe ya kung'aa. Thamani yao yote ilikuwa bado imo ndani, ikingoja mkataji.

Na mkataji ndiye mtu ambaye historia humsahau. Jiwe likitoka shimoni hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi kwenye gurudumu. Akilielekeza vibaya, yakuti yenye bluu nzuri upande mmoja itaonekana kijani juu; tanzanaiti itakuwa zambarau badala ya bluu. Arusha sasa kuna kituo cha serikali kinachofundisha ukataji na ung'arishaji, na vijana wengi wanaohitimu ni wanawake. Wanaketi mstari mmoja mbele ya magurudumu yanayozunguka kwa maji, jiwe limegandishwa kwenye kijiti, wanaligusisha, wanalinyanyua, wanalipangusa kwa kidole gumba, wanalitazama, wanaligusisha tena. Hakuna anayezungumza.

Mwaka jana ndugu yangu alioa, akataka pete ya bibi harusi itengenezwe kwa oda, si ya kununua kwenye kioo cha duka. Tulikuwa na jiwe: yakuti samawi ndogo ya Tunduru, haifiki karati mbili, tuliyoipata kwa jamaa aliyeuza vitu vya marehemu baba yake, aliyekuwa huko enzi za fujo. Sonara alilipima, akalitazama kwa kioo, akasema halijapita motoni kwa sababu sindano zake za ndani hazijayeyuka. Akachora pete kwa penseli nyuma ya bahasha. Alichonga nta kwanza, akaifunika kwa plasta, akaiyeyusha na kumimina dhahabu mahali pake. Siku ya kuweka jiwe nilikuwepo. Kucha nne za dhahabu zilisimama wazi kama kiganja. Akaliteremsha jiwe kwa ncha ya kijiti chenye nta, akakandamiza ukucha wa kwanza, kisha ule wa mkabala wake, si wa jirani, ili jiwe lisiinamie upande. Akapuliza.

Kisha akafungua kitabu cha risiti, akaweka karatasi ya kaboni, akaandika: pete moja ya dhahabu, karati 18, jiwe moja la bluu. Nikamuuliza mbona hakuandika yakuti. Akasema wengi hawaulizi, na wanaouliza wanataka Ceylon. Nikamwomba aandike yakuti samawi ya Tunduru. Akanitazama juu ya miwani yake, akatafuta nafasi, hakuiona kwenye mstari, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, akachana risiti.